Shoga, Masega ya Gari Lako Yapo?

Mwezi huu naomba tuwaache kidogo walioachana na waliorudiana, tuongelee kitu kinachokaa nyuma ya gari na hakuna anayekiangalia. Ekzosi. Usifunge jarida! Najua sisi wadada tukiambiwa habari za gari tunawaza rangi, viti, AC na kama redio inakubali simu. Kina kaka nao wanawaza rimu na muungurumo. Bwana akija kujitambulisha ukweni na gari, mashangazi watalizunguka mara tatu, watachungulia ndani, watauliza ni la kwake au kaazima. Lakini sijawahi kumuona shangazi akiinama nyuma kuangalia kinachotoka. Basi leo mimi nainama kwa niaba yao.

Chanzo ni shoga yangu mmoja, jina kapuni. Ana mume, watoto wawili na Toyota Vitz aliyoinunua kwa mkopo wa kazini. Alinipigia simu usiku kwa ile sauti ya chini ya mtu aliyejifungia bafuni ili wa chumbani asisikie. Nikajisemea, haya, leo kuna nyumba ndogo imefumuka. Kumbe ugomvi ni wa ekzosi! Nilicheka mpaka akakasirika. Halafu akanieleza, na nikaacha kucheka.

Gari lilikuwa limeanza kuchoka kwenye kilima, linavuta kwa shida, na ile taa ya injini kwenye dashibodi imewaka haizimi. Mume akalipeleka gereji. Fundi akalala chini, akagonga gonga, akainuka na jibu: "Bosi, hapa tatizo ni masega. Tunayatoa, gari inakuwa nyepesi, na mimi nakupa hela juu." Msomaji wangu, umewahi kusikia fundi wa gari anakupa wewe hela? Mume wa watu akafurahi, na hapo simlaumu. Ada ya mtoto mkubwa ilikuwa imebaki kipande, na laki kadhaa za fundi zilikuwa zinatosha kabisa kuliziba pengo. Kabla hajafika nyumbani, hela ilikuwa imeshapangiwa kazi.

Tatizo ni mtoto wa pili. Ana miaka minne na ana pumu. Kila asubuhi anakaa kiti cha nyuma kwenye gari hilohilo kutoka Tabata hadi shule, na dawa yake ya kuvuta iko kwenye mkoba wa mama. Shoga yangu alikuwa amesikia mahali kwamba masega yana kazi ya kusafisha moshi, ila hana uhakika. Akaniuliza: "Wewe si umesoma chuo? Niambie hayo masega ni nini, na kama ni takataka, kwa nini mtu anataka kuyanunua?"

Mimi nilisomea mawasiliano, si umakanika, na tofauti hiyo mafundi huiona nikiwa bado sijashuka kwenye gari. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali mengi ninayoulizwa kwenye semina, kwa hiyo nikaenda kulitafutia majibu.

Chini ya gari la petroli, kati ya injini na lile kopo la kupunguza kelele, kuna kopo lingine. Ukilipasua ndani unakuta kipande cha kauri chenye vitundu vidogo vidogo kwa mamia, kimepangika kama sega la nyuki. Mafundi wetu wakakipa jina hilohilo na mimi naona limekaa vizuri kuliko la kitaalamu. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini matatu: platinamu, paladiamu na rodiamu. Hapo ndipo jibu la "kwa nini mtu anunue" lilipo. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda mpaka ikaipita dhahabu zaidi ya mara kumi kwa uzito uleule. Shoga anatembea na kito chini ya gari, na hajui! Ulaya na Marekani wezi wanalala chini ya magari ya watu usiku na msumeno kuyakata. Huku kwetu tunayatoa wenyewe mchana kweupe, tena tunasema asante.

Sasa kazi yake. Petroli ingekuwa inaungua yote kwa ukamilifu, ekzosi ingetoa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Injini haina ukamilifu huo. Kuna petroli inayotoka haijaungua. Kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingepaswa kukaa. Na kuna oksidi za nitrojeni, ambazo zinazaliwa pale joto kali la injini linapounganisha nitrojeni na oksijeni za hewa ya kawaida tu tunayovuta. Hizi za mwisho ndizo zinazochokoza njia za hewa, na mwenye pumu huzisikia kabla yako wewe mwenye mapafu mazima. Masega yakishapata moto, kama nyuzi joto 300 hivi, yanazibadilisha zote tatu papo hapo zikipita: kaboni monoksaidi inakuwa kaboni dayoksaidi, petroli mbichi inakuwa maji na kaboni dayoksaidi, oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni. Yakiwa mazima yanaondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Kopo moja, halina waya wala mota, halili mafuta!

Niseme pia yasichofanya, maana sipendi kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Kaboni dayoksaidi, ile inayopasha dunia joto, masega hayaipunguzi. Hiyo inategemea umechoma lita ngapi. Na masega yakiwa baridi hayafanyi kazi, kwa hiyo zile dakika za kwanza asubuhi, unapowasha gari uani huku watoto wanavaa viatu nyuma yake, ndizo chafu kuliko zote. Watoe watoto pale.

Nilimuuliza fundi mmoja mzee, mwenye gereji tangu enzi za Peugeot 504, kwa nini wenzake wanapenda kuyatoa. Akanijibu kitu ambacho sikukitarajia: zamani ilikuwa halali yao. Petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi ikipita kwenye masega inayafunika na kuyaua. Gari la Japani lilikuwa linakuja na masega yake mazuri, linakunywa petroli yetu, baada ya muda yameziba na gari halivuti. Unafanyaje? Unatoa. Fundi akamfundisha mwanafunzi wake, mwanafunzi akamfundisha wa kwake. Ila nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Na tarehe 1 Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati kwetu kabla ya hapo kiwango kilikuwa 500. Mafuta yalibadilika, ushauri wa gereji ukabaki uleule. Kwanza ushauri wenyewe siku hizi una faida kuliko zamani, kwa sababu kopo linanunuliwa.

Je, ni kweli gari linakuwa jepesi? Kama masega yameziba au yameyeyuka, ndiyo, utasikia tofauti, kama mtu aliyeondolewa mto usoni. Kama ni mazima, tofauti ni ndogo sana, kelele tu ndiyo inaongezeka na wewe unadhani ni nguvu. Na masega hayazibi yenyewe kwa uzee wa siku moja. Kuna kitu kimeyaua: plagi mbovu inayopitisha petroli mbichi, au injini inayokula oili. Ukiyatoa bila kutibu hicho kitu, umevunja kengele ya moto ukaacha moto.

Halafu kuna hili la sensa, ambalo kwangu ndilo tamu la mwezi. Gari la kisasa lina sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na moja baada. Ya pili kazi yake ni kuyachunguza masega tu. Ukiyatoa, inaripoti kwenye kompyuta ya gari na taa ya injini inawaka. Fundi mjanja anafanyaje? Anaweka kipande cha chuma kuisogeza sensa mbali na moshi, ili iamini kwamba mwenzake bado yupo. Taa inazima, na wewe unaondoka umefurahi. Gari lina kifaa cha kusema ukweli kuhusu moshi wake, na tumemlipa mtu akifundishe uongo. Ukitaka kujua mahusiano ya mjini yakoje, usihangaike na safu yangu, nenda gereji.

Wala si mafundi wa mtaani tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walichukua magari machache ya dizeli, wakafunga vipimo nyuma na kuyaendesha barabarani kama watu wa kawaida, badala ya kuyapima yamesimama maabara. Volkswagen mawili yakawatoa jasho. Maabara yalikuwa malaika. Barabarani yalikuwa yanatoa oksidi za nitrojeni mara nyingi kupita kiwango. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza hadharani: kompyuta ya gari ilikuwa imepangwa kutambua kwamba sasa napimwa, ikatulia, na mtihani ukiisha ikarudia tabia zake, hadi mara 40 ya kiwango. Kampuni ikakiri kwamba magari ya aina hiyo yalikuwa takriban milioni 11 duniani. Wadada, si mnamjua huyu? Mbele ya mama mkwe anaosha hadi vyombo!

Kwa hiyo ukitaka kulijua gari, lipime wakati halijui kama linaangaliwa. Hilo lilishagunduliwa mapema zaidi na mwanakemia Donald Stedman wa Chuo Kikuu cha Denver. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake walitengeneza kifaa kinachokaa pembeni ya barabara na kurusha mwanga kukatiza njia. Gari likipita, moshi wake unakata ule mwanga, na kifaa kinasoma gesi zilizomo wakati kamera inachukua namba ya gari. Dereva hata hajui. Walipima maelfu kwa maelfu ya magari Marekani na wakakuta jambo lilelile kila walipokwenda: karibu nusu ya kaboni monoksaidi yote ilitoka kwenye gari moja hivi katika kila kumi. Na hilo moja si lazima liwe kuukuu. Kuna magari ya zamani yaliyotunzwa yakatoka safi, na mapya yaliyoharibiwa yakatoka machafu kupindukia.

Naomba urudie sentensi hiyo ya moja katika kumi, maana ilinibadilisha namna ya kuwaza. Shoga yangu alikuwa ameniambia, kwa uchungu, "Sasa mimi na ki-Vitz changu nitaokoa nini, na haya malori yote ya Barabara ya Mandela?" Na kweli, masega yake hayataponya pumu ya mtoto. Mtoto anavuta moshi wa jiji zima. Lakini gari dogo la petroli lenye masega mazima ni moja kati ya yale tisa yasiyosumbua sana. Siku yakitolewa, linahamia upande wa pili, peke yake linaanza kutoa sumu ya magari mengi ya jirani zake. Hesabu hiyo mimi nimeielewa vizuri, na hesabu shuleni nilikuwa naziogopa.

Na jiji lenyewe ndilo hili letu. Sensa ya watu ya mwaka 2002 ilikuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu karibu milioni 2.5. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Miaka 20, tumekuwa zaidi ya mara mbili, na kila aliyepata kakazi kadogo anataka kausafiri kake, na mimi ni nani nimkataze wakati nami nina langu? Magari mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Kule gari jipya la binafsi linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na moshi ni sehemu ya ukaguzi. Gharama za ukaguzi na kodi ndizo zinazomfanya Mjapani aone bora aliuze. Linapanda meli. Likishuka Kurasini linapewa namba, linabarikiwa na mchungaji au shehe, na kuanzia hapo ni likizo ya maisha. Tanzania tuna kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Mimi nimekaguliwa breki, taa, matairi, kizima moto na stika. Tangu nianze kuendesha sijawahi kumuona mtu akichomeka kipimo kwenye ekzosi yangu, na nikikwambia nilikuwa nakisubiri nitakuwa naongopa.

Si sisi tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilisema kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje duniani, asilimia 80 yakaenda kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na fungu kubwa kuliko yote lilikuja Afrika.

Kipimo chenyewe si kitu cha kutisha. Kwa gari la petroli ni mrija unaochomekwa nyuma, injini ikiwa ya moto, mashine inasoma kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua gari likiwa sailensa, halafu ukikanyaga kidogo. Kwa dizeli wanakanyaga ghafla na kupima moshi unaziba mwanga kiasi gani. Dakika chache tu. Kazi ngumu ni kuhakikisha anayepima hanunuliki, na hapo ndipo ninapoanza kukuna kichwa kama wewe.

Mexico City walikunwa na kichwa hichohicho. Mwishoni mwa 1989 walianzisha utaratibu wa kila gari kupumzika siku moja kwa wiki kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba. Wazo zuri, si ndiyo? Mchumi Lucas Davis alipochambua vipimo vya hewa na kuchapisha mwaka 2008, hakuona dalili kwamba hewa ilipata nafuu kwa utaratibu ule. Watu walikuwa wamenunua gari la pili! La bei rahisi, kuukuu, la kutumia siku ambayo lile zuri limezuiwa. Mwanaume ukimfungia mlango wa mbele... haya, tuendelee. Kilichosaidia zaidi kule kilikuwa petroli isiyo na risasi, masega kwenye magari mapya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na upimaji wa kila miezi sita wenye stika, ambapo gari safi linaruhusiwa kutembea kila siku. Hiyo ya mwisho naipenda. Anayetunza anapata uhuru, anayechafua anabaki nyumbani.

Jirani zetu Kampala wameanza kwa kuipima hewa yenyewe. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi wa AirQo tangu 2015, wanatengeneza vipimo vyao wenyewe vya hewa vinavyostahimili vumbi na joto letu, na vingine wamevifunga kwenye bodaboda. Bodaboda ikipeleka abiria, inaandika njiani hewa ya mtaa gani ni mbaya. Nilifurahi kama mtoto niliposoma hilo.

Dar tuna mabasi yaendayo haraka tangu Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, na jiji lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, la kwanza Afrika kuipata. Basi moja refu linabeba watu zaidi ya mia ambao wangejaza vihiace kadhaa. Ni kweli, asiyesukumwa pale Kimara saa 12 asubuhi hajui maana ya kubanana. Ila ukiniuliza nini kitapunguza moshi wa jiji hili zaidi, basi la kuaminika litashinda masega ya Vitz moja. Ninachokataa ni mtu kutumia kasoro za mabasi kama kisingizio cha kuuza kopo lake.

Sasa mtoto, maana ndiye aliyefanya nisilale. Mtoto anavuta hewa nyingi kwa uzito wake kuliko sisi, na urefu wake uko jirani na ekzosi. Mama umemshika mkono mnavuka barabara, wewe pua yako iko juu, yake iko kwenye bomba la Coaster. Moshi wa dizeli, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa uliuweka mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kabisa kusababisha saratani. Chembe zake nyingine ni ndogo kiasi kwamba zinateremka hadi mwisho wa mapafu. Kwa chembe hizo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachoshauri kutoka wastani wa maikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa mwaka hadi 5.

Lakini kuna habari nzuri, na shoga yangu aliposikia hii alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kusini mwa California, eneo la Los Angeles, lililokuwa maarufu kwa ukungu wa moshi, watafiti walifuatilia mapafu ya watoto kwa vipindi vitatu, kati ya 1994 na 2011, wakiwa na miaka 11 hadi 15. Katikati ya vipindi hivyo sheria za moshi wa magari zilikazwa na hewa ikasafika. Matokeo yalitoka 2015, watoto zaidi ya 2,000. Waliofika miaka 15 na mapafu dhaifu kwa kipimo cha daktari walikuwa karibu 8 katika kila 100 kwenye kundi la kwanza. Kundi la mwisho, chini ya 4. Na magari hayakupungua kule! Waliendelea kuendesha kama vichaa. Kilichobadilika ni kinachotoka nyuma.

Shoga yangu alimsubiri mume amalize kula. Akamwambia: "Baba, ukiyatoa hayo masega, mimi na mtoto tutakwenda shule kwa bajaji." Mume akajibu kwamba bajaji nayo ina moshi, jambo ambalo ni kweli na lilimkera zaidi. Siku mbili hawakusemeshana. Ya tatu mume mwenyewe akalipeleka gari kwa fundi mwingine, mwenye ile kompyuta ndogo inayochomekwa chini ya usukani. Ikasoma: silinda moja hairushi moto vizuri. Plagi na koili, basi. Petroli ya silinda hiyo ilikuwa inapita mbichi na kuyaunguza masega taratibu; wangeliacha hivyo miezi michache zaidi, fundi wa kwanza angekuwa na haki. Walibadilisha, taa ikazima kwa ukweli. Ada walikwenda kuomba shule wailipe mara mbili. Mume bado anaamini alidhulumiwa laki zake, na kila gari likipanda kilima anasema lingekuwa jepesi zaidi.

Kwa wewe unayejipanga kununua la mkononi, usiende na mtu wa rimu peke yake. Lala chini, au mlipe kijana alale, atazame kama bomba lina sehemu imekatwa na kuchomelewa upya pale ambapo kopo la kwanza lingekuwa. Aligonge kwa mkono gari likiwa la baridi. Likilia kama njuga, sega limevunjika, lisipokuwa na uzito wowote, ndani ni tupu. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili, mweusi maana yake inamwaga mafuta, mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha usikutishe. Kabla ya kuwasha injini, geuza ufunguo hatua moja tu. Taa ya injini lazima iwake, kisha ukiwasha injini izime. Isipowaka kabisa hata hiyo hatua ya kwanza, mtu ameichomoa ili usiione. Na muuzaji akianza kukuharakisha, "dada twende tukajaribu barabarani kwanza", wewe kaa palepale kwenye kiti, rudisha ufunguo, zihesabu taa upya.